Usemi wa Mwendawazimu: Dalili, Ishara au Ushahidi?

Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kihakiki. Mtu aliyepotewa na utimamu wa akili anaposema, ni nani anayewajibika kumsikiliza, na asikilizwe akiwa nani? Daktari analo jawabu lake, na mhakiki wa fasihi analo lake. Daktari huusikia usemi huo kama dalili: maneno hupimwa kwa kile yanachofichua kuhusu maradhi, si kwa kile yanachosema. Mhakiki naye huusikia kama ishara ya jambo lililo kubwa kuliko msemaji, yaani jamii, tabaka au historia. Tunadai hapa kwamba majawabu yote mawili, yakiachwa peke yake, humnyang'anya msemaji kitu kilicho chake, nacho ni nafasi ya kuwa shahidi wa mateso yake mwenyewe. Tunadai pia kwamba utafiti wa miaka ya karibuni kuhusu maradhi ya akili miongoni mwa watu wazima umelirejesha swali hili katika uwanja wetu sisi wanafasihi, maana umeonyesha kuwa namna mtu anavyozipokea na kuzisimulia sauti anazozisikia inahusiana na uzito wa mateso yake.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno wazimu ni jamaa wa karibu wa mzimu, na majnuni tuliyempokea kutoka Kiarabu ni yule aliyeingiliwa na jini. Katika maneno haya ya kale maradhi hayakai ndani ya ubongo. Yana mwenyewe, naye ni kiumbe atokaye nje. Sarufi nayo yashuhudia. Mtu hushikwa na wazimu, hupandwa na pepo, hurukwa na akili: vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa, na mgonjwa ndiye anayetendwa. Msamiati mpya, kama vile maradhi ya akili, afya ya akili, au sonona (neno ambalo limestawi zaidi Tanzania kuliko kwetu, ambako watu wengi bado husema tu kwamba fulani "ana mawazo"), umemwondoa pepo katika maelezo. Hilo ni jema. Lakini msamiati wa kale, pamoja na ukatili wake wote, ulikuwa na fadhila moja: ulichukulia kwamba yupo anayesema. Katika uganga wa pepo wa pwani mganga humwuliza pepo jina lake, atokako na akitakacho. Pepo hujibu, hudai nguo, hudai pete, hudai chano, na mazungumzo hayo yaweza kukesha.

Tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Majibu yakishatolewa huhesabiwa kuwa ya pepo, mgonjwa mwenyewe akabaki kuwa kiti tu, na kiti ndilo neno lenyewe litumiwalo na waganga. Hata Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya mwaka 1969, hupata nguvu ya kusikilizwa kwa kuwa Hongo amesema kupitia kinywa chake. Aidha, nyumba isiyomudu mganga wala daktari ina njia nyingine. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza hali ya watu wafungwao minyororo kwa sababu ya maradhi ya akili katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo. Mtu aliyefungwa kwenye mti nyuma ya nyumba hasikilizwi na mtu yeyote, awe mwanasayansi au mwanamila.

Upande wa daktari una historia yake hapa Nairobi, na ni historia isiyopendeza. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 ikiwa makazi ya wendawazimu ya serikali ya kikoloni, ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, ambamo alimfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyepasuliwa ubongo akakatwa nyuzi za sehemu ya mbele. Mwaka uliofuata ikatoka ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, iliyochapishwa na serikali ya kikoloni. Humo uasi uliotokana na ardhi na uhuru ulielezwa, kwa sehemu kubwa, kuwa tokeo la akili zilizoyumba kati ya mila iliyovunjika na usasa ambao haujafikiwa. Tuzingatie kilichotendeka. Watu walikuwa wamesema jambo waziwazi, wakalitaja shamba kwa shamba na bonde kwa bonde, na msikilizaji akaandika kwamba amesikia ugonjwa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa maradhi ya akili huko Blida, Algeria, kati ya 1953 na 1956, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961, kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Jambo ambalo aghalabu hupuuzwa tunapomtaja Fanon ni kwamba kitabu hicho kina sura nzima ya rekodi za wagonjwa, mmoja mmoja, pamoja na usingizi wao uliopotea na ndoto zao. Mwanamapinduzi huyu hakuacha kuwa tabibu. Hakusema kwamba wagonjwa wake walikuwa wazima, wala kwamba kichaa chao kilikuwa lugha ya fumbo. Aliandika walichomwambia.

Fanon alitufundisha kuushuku usikivu wa daktari. Somo hilo tulilishika barabara, hata tukateleza upande wa pili. Carothers aliugeuza usemi wa kisiasa kuwa dalili. Uhakiki wetu umekuwa ukigeuza dalili kuwa usemi wa kisiasa. Mfano ulio karibu ni Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein huyo huyo. Juma na Kitaru, vijana wasomi, wacheza mchezo chini ya mbuyu, mmoja akiwa shetani na mwenzake binadamu. Mchezo unamgeukia Kitaru. Anaugua, wazazi wanahangaika, daktari anahusishwa. Kwa zaidi ya nusu karne shetani huyo amesomwa kama ukoloni na ukoloni mamboleo, na maradhi ya Kitaru yakasomwa kama mgogoro wa tabaka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Usomaji huu haukukosea, na tamthilia yenyewe inauita. Hata hivyo una gharama, na gharama hiyo haijawahi kuandikwa katika vitabu vya mwongozo.

Mwaka mmoja, katika semina ya tamthilia, mwanafunzi aliyekuwa amenyamaza karibu muhula mzima aliuliza: "Mwalimu, na ikiwa Kitaru anaumwa tu?" Wenzake walicheka. Akaeleza, bila kupaza sauti, kwamba kaka yake amekuwa akizungumza na mtu asiyeonekana kwa miaka 6, na kwamba kila anapohudhuria mhadhara kuhusu wazimu katika fasihi humsikia ndugu yake akigeuzwa methali. Kicheko kilikoma. Swali lile halikuwa la kijinga kama lilivyopokelewa. Lilikuwa likiuliza kama inawezekana kuusoma mchezo huu bila ya mgonjwa kutoweka mara tu maana inapopatikana. Sisi wahakiki tumemzoea "mwendawazimu mwenye hekima", yule anayepita sokoni akisema ukweli ambao wenye akili wanauogopa. Ni mhusika mzuri jukwaani. Katika nyumba yenye mgonjwa, hata hivyo, hekima hiyo haionekani mara nyingi. Kinachoonekana ni mtu asiyelala, anayeacha kuoga, anayeshuku kuwa chai yake imetiwa sumu na mkono wa mama yake. Kumwambia mama huyo kwamba mwanawe ni sitiari ya taifa ni kumwongezea tusi.

Riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi inatupa kisa kigumu zaidi. Kazimoto, msimulizi, ni msomi aliyefika mahali pa kuiona dunia kuwa haina maana, na mwishowe anajiua. Uhakiki umelisoma tendo hilo kwa miwani ya udhanaishi, nasi hatuna sababu ya kuivunja miwani hiyo, kwani Kezilahabi alikuwa mwanafalsafa kwelikweli. Lakini kuna namna ya kumsoma Kazimoto inayosahau kwamba ni kijana anayeteseka, na inayolipokea tendo lake kama hitimisho la hoja. Darasani jambo hili lina uzito. Wamo wanaosoma riwaya ile wakiwa na mawazo yale yale, na hawayachukulii kuwa ni ya Sartre. Kwa miongo mingi sheria zetu hazikuwasaidia watu hao. Aliyejaribu kujiua hapa Kenya akanusurika alihesabiwa mkosaji chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume na Katiba mnamo Januari 2025. Huo ndio ujumbe uliokuwa ukitolewa: ukisema unavyoumia, utakuwa umekiri kosa.

Sasa tuuangalie utafiti, maana ndio unaotukataza kubaki tulipo. Mwaka 2015 mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na madaktari wa India na Ghana, walichapisha matokeo ya mahojiano na watu wazima 60 wenye maradhi makali ya akili na ambao husikia sauti: 20 kutoka San Mateo katika jimbo la California, 20 kutoka Accra na 20 kutoka Chennai. Waliwauliza jambo ambalo kitabibu huonekana halina faida, yaani sauti hizo ni za nani na zinasema nini. Wamarekani walizieleza zaidi kama uvamizi. Walilijua jina la ugonjwa wao, na sauti ziliwajia kama kelele za ubongo ulioharibika, nyingi zikiamuru umwagaji wa damu. Kule Accra watu 16 kati ya 20 walisema wamemsikia Mungu, na nusu yao wote wakasema kwamba, kwa jumla, sauti hizo ni za heri. Kule Chennai watu 11 walisikia jamaa zao, wakiwaagiza kazi za nyumbani: piga deki, nenda ukaoge, mbona hujala. Zilikuwepo pia sauti chafu na za matusi, na utafiti haukuzificha. Isitoshe, watu 60 si wengi, nasi hatutaki kujenga kasri juu yao. Lakini jambo moja limethibitika vya kutosha kumzuia mtu asiseme kwamba maudhui ya sauti ni takataka tu zitokazo kwenye mtambo mbovu. Maudhui yana jamii ndani yake, yana lugha, yana hadhi ya msemaji na msemeshwaji. Ni vitu ambavyo sisi tunalipwa mshahara kuvichunguza.

Huko London utafiti umekwenda hatua nyingine. Daktari Julian Leff alibuni tiba ambayo ndani yake mgonjwa husaidiwa kuunda, kwa kompyuta, sura na sauti ya yule anayemtesa. Mtabibu huketi chumba kingine na kumsemea huyo wa bandia, mgonjwa akajibizana naye ana kwa ana. Mwanzoni mhusika hutukana kama alivyozoea. Siku zinavyopita mgonjwa hujifunza kumkatalia, naye hulainika, hurudi nyuma, hukiri kushindwa. Katika jaribio la watu 150 lililochapishwa mwaka 2018, baada ya wiki 12 sauti zilikuwa zimepungua kwa hawa kuliko kwa wenzao waliopewa ushauri nasaha wa kawaida. Baada ya wiki 24 tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana tena, jambo ambalo kila anayeisifu tiba hii anapaswa kulitaja. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya jaribio la watu 345, nayo yanatia moyo bila kuondoa maswali yote.

Mhakiki wa tamthilia haihitaji tafsiri ya jambo hili. Kuna wahusika wawili, mgogoro, jukwaa, na mwelekezi aliyejificha nyuma ya pazia. Mganga wa pepo angalilitambua pia, kwa kuwa naye humlazimisha asiyeonekana aseme jina lake. Tofauti iliyopo, na kwetu ndiyo yenye uzito, ni kwamba katika chumba kile cha London majibu ni ya mgonjwa. Yeye ndiye mtunzi wa sura ya adui yake, na yeye ndiye amjibuye. Hakuwa kiti.

Haihitajiki kompyuta. Jijini Harare daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafunza wahudumu wa afya wa kijamii, wengi wao akina nyanya, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hali waliyoishughulikia waliiita kwa jina la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Mswahili asemaye "ana mawazo" halimpi shida. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida iliyoongezwa maarifa kidogo. Walengwa hapa hawakuwa wenye maradhi makali tuliyoyataja; walikuwa na huzuni na wasiwasi wa kila siku. Ila chombo kilikuwa kile kile. Mzee wa kike aliketi, akamwacha mtu asimulie shida yake kwa maneno yake mwenyewe, kisha wakachagua pamoja shida moja ya kuanzia.

Itaulizwa kama hoja hii haiturudishi kwa wale wanaoikana tiba. Hairudishi. Tangu Foucault alipochapisha historia yake ya wazimu mwaka 1961 kumekuwa na mtindo miongoni mwa wanafasihi wa kuichukulia hospitali kama gereza na dawa kama pingu. Mtindo huo hustawi zaidi kwa watu wasiowahi kulala macho wakimlinda ndugu. Dawa za kutuliza maradhi haya, ambazo zilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952, zimewarudishia watu wengi usingizi, kazi na jamaa, ingawa zina madhara yake, na mara nyingi anayezikataa huzikataa kwa sababu za kueleweka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tunachodai ni kidogo kuliko kuikana dawa: mtu aliyemeza dawa bado ana la kusema, na aliyekataa kuimeza vilevile.

Itaulizwa pia kama kumsikiliza ni kumsadiki. Mtu anapodai kuwa majirani wanamtilia sumu, je, tuwashtaki majirani? Hapa mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, ametufaa kwa kutenga dhuluma anayotendewa mtu katika nafasi yake kama shahidi: neno lake hupunguzwa uzito kwa sababu ya kundi alilomo, kabla halijapimwa. Shabaha iko katika "kabla". Neno la mgonjwa likipimwa likaonekana si kweli, hakuna dhuluma. Dhuluma hutokea pale anaposema kwamba tumbo linamuuma, nayo ikaandikwa kuwa anaweweseka. Cha ajabu ni kwamba sheria yetu ya ushahidi ililiona hili mapema kuliko uhakiki. Kifungu cha 125 chasema kuwa mwenye maradhi ya akili hazuiwi kutoa ushahidi, isipokuwa hali yake inamzuia kuyaelewa maswali na kuyajibu kwa busara. Yaani aulizwe kwanza. Katiba ya 2010 ni nzito zaidi, kwani ibara ya 83 humnyima uandikishaji wa kupiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Nchi ile ile yamruhusu mtu huyo kumshuhudia mwizi mahakamani, na yaweza kumkataza kumchagua diwani.

Kinachobaki ni kisa ambacho hoja hii hailimalizi swali lake. Tumfikirie mama wa makamo, mjane, ambaye husikia sauti ya marehemu mama yake ikimwamuru aamke, apike, afunge mlango jua linapotua. Usiku huja nyingine mbili, za wanaume asiowajua, zikimtukana. Dawa, zikifanya kazi, hupunguza zote pamoja, kwa kuwa hazijui kubagua. Mama huyu ataka wale wanaume waondoke na mamake abaki. Wanawe wanataka anywe dawa, kwa maana wao ndio wanaoamka usiku. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yampa haki ya kushiriki katika kuupanga uuguzi wake. Matibabu bila ridhaa yamewekewa masharti, na hali yake haijafika huko: hajamdhuru mtu, anapika, anakwenda sokoni. Daktari aweza kupunguza kipimo na kungoja. Ni kwa muda gani, na neno la nani likipita la mwenzake, sheria imewaachia wale waliomo chumbani, na mara nyingi chumbani humo wagonjwa wengine 40 wanasubiri nje ya mlango.